Ua ni wa Nani? Kupanga Karakana na Baraza Nyuma ya Nyumba

Nyumba zetu nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu zimebanwa mbele na barabara, na ubavuni zimebanwa na ukuta wa jirani. Kilichosalia ni ua wa nyuma. Hapo ndipo nguo zinapoanikwa, nazi zinapokunwa, samaki wanapoparwa, na watoto wanapocheza mama akiwaona. Hapo pia ndipo mahali pekee ambapo mwanamke aweza kukaa akapata upepo bila ya buibui na bila ya macho ya mpita njia.

Siku hizi ua huo unatakwa na wengi. Kijana aliyehitimu chuo cha ufundi anataka karakana ya useremala au ya kuchomelea vyuma, maana kodi ya duka mjini haikamatiki. Baba anataka gereji ya kuhifadhi gari au tuktuk lisiliwe na kutu ya hewa ya bahari. Mama na mabinti wanataka baraza la mbao, la kukaa jioni na kupokea wageni wao. Kila mmoja ana hoja, na ardhi ni moja.

Mara nyingi anayeanza kujenga ndiye anayeshinda. Matofali yanashushwa asubuhi, fundi anapiga uzi, na ifikapo jioni familia inatambua kwamba ua umekwisha gawanywa bila ya mtu kuulizwa. Ukuta ukishasimama, neno la kusema huwa zito. Kwa hiyo mradi wa namna hii unapaswa kuanza kwa kujua ua ni wa nani na nani anautumia, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Neno moja, maana mbili

Wazee wetu waliijua shida hii. Katika nyumba za mawe za Lamu, mgeni wa kiume aliishia dakani, kwenye viti vya mawe vya mlangoni. Nyumba yenyewe iligeuzia mtaa mgongo, ikafungukia ndani kwenye ua ulio wazi kwa mbingu. Ua huo uliitwa kiwanda. Mwanga na hewa viliingia kwa njia yake, na shughuli za nyumba zilifanyika humo bila ya kuonwa na mtaa.

Leo neno kiwanda twalitumia kwa mahali pa mashine na kazi. Neno limebeba maana zote mbili, ya ua na ya kazi, na hilo latukumbusha kwamba kazi ya mkono na faragha ya nyumba zaweza kukaa pamoja zikipangwa. Waliojenga nyumba zile hawakuwa na nafasi kubwa. Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa sababu ya boriti hizo vyumba vilikuwa na upana wa mita mbili na nusu hadi tatu tu. Hata hivyo kila nafasi ilikuwa na mwenyewe na wakati wake.

Kwanza, milki

Swali la kwanza halimhusu fundi. Je, ardhi hii ni ya nani?

Ikiwa nyumba ni ya marehemu baba na mirathi haijagawanywa, basi ua ni wa warithi wote. Mama mjane ana thumuni yake, na mabinti wana sehemu zao hata kama wameolewa na wanaishi mbali. Kijana anayejenga karakana ya kudumu juu ya ardhi hiyo bila ya ridhaa yao anajenga juu ya haki ya dada zake. Wengi hawakusudii dhuluma. Husema, «Hakuna anayeutumia ua huu.» Lakini miaka kumi baadaye, nyumba inapotakiwa kugawanywa, karakana ndiyo inayoleta ugomvi: nani alijenga, kwa fedha za nani, na nani alikuwa akila faida yake.

Dawa yake ni nyepesi ikifanywa mapema. Ama mirathi igawanywe kwanza, ama warithi wakae na kuandikiana. Waandike jengo litakuwa la nani, iwapo mwenye karakana atawalipa wenzake kodi, na litafanywa nini siku ya kugawana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Udugu hauondoi haja ya maandishi, bali maandishi ndiyo yanayoulinda udugu. Na wakishindwa kuelewana, Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya mwaka 2010 inaitambua, ina mamlaka ya kuamua mirathi baina ya Waislamu.

Mombasa kuna jambo jingine ambalo wenyeji twalijua vyema, nalo ni nyumba isiyo na ardhi. Mtu amiliki nyumba, lakini kiwanja ni cha mwingine, naye hulipa kodi ya ardhi. Anayeishi hivyo asijenge kuta za kudumu uani kabla ya kumwendea mwenye ardhi na kupata jibu lililoandikwa. Kama jibu halipatikani, afadhali ajenge kinachong'oleka: nguzo zilizofungwa kwa bolti, mabati yanayofunguka, na baraza lililoketi juu ya mawe bila ya kumwagiwa zege. Na kiwanja kikiwa ni wakfu, msimamizi wa wakfu ndiye wa kuulizwa kwanza.

Pili, ushauri wa nyumbani

Ardhi ikijulikana ni ya nani, familia na ikae pamoja. Kwa wiki moja, mtu mmoja wa nyumbani, na afadhali awe binti mwenye mwandiko mzuri, aandike kila kinachofanyika uani na saa yake. Nani alianika nguo na wapi, jua lilifika saa ngapi, mama alikaangia wapi mahamri ya kuuza alfajiri, watoto walicheza pembe ipi, na bibi alikaa wapi baada ya Alasiri. Orodha hiyo ndiyo ramani ya kweli ya ua. Mara nyingi itaonyesha kwamba pembe inayodhaniwa kuwa tupu ndiyo yenye kazi nyingi.

Kisha kila mtu aseme anachohitaji, wala si kile anachokitamani tu. Kijana aseme atatengeneza nini: milango na vitanda, au viti vidogo? Kitanda cha futi sita kwa sita chataka nafasi ya kukizunguka, na mbao za futi 14 zataka mahali pa kupita na kulazwa. Akina mama waseme wageni wao ni wangapi, na kama baraza litatumika pia siku ya arusi au ya hitima. Anayefua na anayepika asikilizwe sawasawa na anayeleta fedha.

Tatu, mchoro

Tuchukue mfano wa kiwanja cha futi 50 kwa 100, na tuseme nyumba imeacha nyuma ua wa futi 50 kwa 40, yaani futi za mraba 2,000. Karakana ya futi 20 kwa 12 itachukua futi za mraba 240. Baraza la futi 12 kwa 10 litachukua 120. Vyote viwili ni 360, pungufu ya sehemu moja ya tano ya ua. Basi nafasi yaweza kutosha. Kinacholeta dhiki ni kujenga katikati, au kuacha vipande vidogo pande zote visivyofaa kwa lolote.

Chora ua kwenye karatasi yenye miraba, kila mraba uwe futi moja. Tia kwanza visivyohamishika: kisima, shimo la choo na njia ya mabomba yake, mti, tangi la maji, na mlango wa jikoni. Usiweke jengo juu ya shimo la choo wala juu ya kifuniko chake, kwa sababu siku moja litahitaji kuzibuliwa. Kisha kata vipande vya karatasi vya ukubwa wa karakana na baraza, uvisogeze juu ya mchoro mpaka familia iridhike. Mwisho, piga mambo na kamba uani kwenyewe, muishi na kamba hizo siku tatu. Atakayejikwaa kila anapobeba beseni la nguo atakuwa ameonyesha kasoro ya mchoro kabla haijawa ukuta.

Upepo utazamwe pia. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki, nayo kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Pepo hizi mbili zagawana sehemu kubwa ya mwaka, na zote hutoka upande wa bahari. Kwa hiyo karakana ikiwekwa pembe ya magharibi ya ua, vumbi na harufu ya vanishi vitapeperushwa mbali na madirisha ya nyumba, na ukuta wake utakinga jua kali la magharibi lisilipige baraza jioni. Lakini tusisahau kwamba jirani wa magharibi ndiye atakayeyapokea hayo. Ukuta wa karakana unaoelekea kwake usiwe na tundu, na vumbi lishikwe ndani kabla ya kutoka.

Mlango nao una uzito wake. Wateja na wanafunzi wa fundi wasipite ndani ya nyumba. Suratun Nur imefundisha adabu ya kubisha hodi, na hata ndani ya familia imetaja nyakati tatu za faragha. Itakuwaje basi kwa mgeni anayekuja kuuliza bei ya kabati? Karakana iwe na mlango wake wa kutokea ubavuni mwa nyumba. Baina yake na sehemu ya akina mama uwepo ukuta au ua wa makuti, au ukuta wa matofali ya matundu yanayopitisha upepo na kuzuia macho. Kama kiwanja hakina njia ya ubavuni, hiyo ni dalili kwamba karakana ya kupokea wateja haifai pale, na kijana aweza kutumia ua kwa kutengeneza tu, akauzia kwingine.

Nne, baraza

Baraza la nyuma linavutia likiinuliwa, lakini kimo kina hesabu yake. Ukuta wa ua ukiwa na futi sita, na macho ya mtu aliyesimama yakiwa futi tano kutoka miguuni, sakafu ikiinuliwa futi moja na nusu macho yatakuwa futi sita na nusu. Yaani kila anayesimama barazani ataona ua wa jirani, na jirani naye atamwona. Sakafu ya nusu futi yatosha kuepusha maji ya mvua na kuacha hewa ipite chini ya mbao.

Hesabu ya mbao si siri ya fundi. Kwa baraza la futi 12 kwa 10, mbao za sakafu za inchi sita kwa moja, zikiachiwa nafasi ya robo inchi baina yao, zitahitajika 23, kila moja ya futi 10. Chini yake zitalazwa mbao za nne kwa mbili za futi 12, moja kila inchi 15, jumla tisa, nazo ziwekewe vijiguzo vya zege au mawe ya kuzibeba zisipinde. Basi ni futi 230 za sita kwa moja na futi 108 za nne kwa mbili. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya vipande na mbao mbovu: futi 253 na futi 119. Mama mwenye karatasi hii mkononi hatauziwa asichokihitaji.

Kuhusu aina ya mbao, mvule na mbambakofi hustahimili mvua na mchwa lakini ni ghali. Mbao laini za bei nafuu zitiwe dawa kwanza. Watu wengine hupaka oili chafu ya magari kuzuia mchwa. Tusifanye hivyo mahali watoto wanapotambaa na chakula kinapoanikwa. Tena mwamba wetu wa matumbawe una matundu na nyufa, na kinachomwagwa juu hufika kisimani upesi. Nguzo za mikoko ni imara, ila misitu ya mikoko ya pwani ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali tangu mwaka 1932, na kuikata kwahitaji leseni. Muulize muuzaji karatasi zake. Misumari na skrubu ziwe za kuzuia kutu, kwani chumvi ya bahari hula chuma cha kawaida kwa muda mfupi.

Anayeogopa gharama ya mbao ana njia ya mkato. Mawe bapa ya Mazeras yakilazwa juu ya mchanga ulioshindiliwa, pamoja na kiti cha mawe kando ya ukuta, yatatoa baraza lisiloliwa na mchwa.

Tano, karakana

Umeme uwe wa kwanza. Soketi ya kawaida ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 240 hubeba wati 3,120 kwa ukomo. Mashine ya kuchomelea au msumeno mkubwa haifai kuchomekwa kwenye waya wa kurefusha unaotoka sebuleni. Karakana iwe na laini yake kutoka kwenye kisanduku kikuu, swichi yake ya kuzima kila kitu mara moja, na kinga ya kukata umeme unapovuja. Kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni.

Moto una maadui na marafiki. Paa la makuti ni rafiki yake, kwa hiyo karakana ya kuchomelea isiezekwe makuti wala isiwe karibu na banda la makuti. Mtungi wa gesi ya jikoni uwe mbali. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yaweza kuwaka yenyewe yakirundikwa, hivyo yaanikwe wazi au yatiwe ndani ya mkebe wa maji. Uwepo mtungi wa kuzimia moto karibu na mlango, na akina mama wafundishwe kuutumia kama vijana, kwani wao ndio walio nyumbani muda mwingi.

Vumbi la mbao lisidharauliwe. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vinavyosababisha saratani kwa binadamu, katika ripoti yake ya mwaka 1995. Fundi avae barakoa inayobana vyema, na nguo za kazi zivuliwe karakanani, zisiingie na vumbi lake chumbani kwa mtoto mwenye pumu. Mwali wa kuchomelea nao huumiza macho. Uwekewe pazia zito, na watoto wakatazwe kuutazama.

Kelele ni haki ya jirani. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009, lakini muungwana hangoji kanuni. Amwendee jirani kabla ya kujenga, amweleze mashine zitakazotumika na saa za kazi, kisha azishike. Saa za swala, mchana wa mapumziko, na nyumba yenye mgonjwa au mzazi aliyejifungua, zote zina heshima yake.

Sita, kibali na fedha

Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali cha serikali ya kaunti kabla ya ujenzi. Pelekeni mchoro katika ofisi ya mipango ya kaunti, na ulizeni pia kuhusu kibali cha biashara, kwani karakana ya kuuza si sawa na chumba cha kurekebisha viti vya nyumbani. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na Mji wa Kale wa Mombasa nao una taratibu zake za uhifadhi. Wakazi wa huko waulize kabla ya kugusa hata ukuta wa nyuma.

Fedha zigawanywe kwa hatua, na kila hatua iwe na manufaa yake hata kama ya pili itachelewa. Hatua ya kwanza ni mifereji ya maji na ukuta wa sitara. Ya pili ni sakafu na paa la karakana. Ya tatu ni umeme. Ya nne ni baraza. Lakini hapa pana hatari. Baraza likiachwa la mwisho, mara nyingi halifiki, kwa sababu kila senti inayopatikana humezwa na mashine mpya. Kwa hiyo fungu la baraza litengwe kando tangu mwanzo, liwe mkononi mwa mama wa nyumba au ndani ya mchezo wa akina mama, lisiguswe kwa ununuzi wa randa wala msumeno. Kama fedha ni chache mno, baraza la mawe lijengwe pamoja na karakana, na la mbao lingoje.

Mafundi waulizwe bei watatu, kila mmoja kwa mchoro uleule. Malipo yafuate kazi iliyokamilika, na yaandikwe. Zege na paa vifanywe kabla ya mvua za mwaka, ambazo kwetu huanza mwezi wa Machi au Aprili. Anayeanza kuchimba msingi mwezi wa Mei atauchota kwa ndoo.

Ndugu zetu wanaume wanaopata riziki kwa mikono yao wanastahili kila msaada, na karakana ya nyumbani yaweza kumwokoa kijana na kukaa bure vijiweni. Lakini kijana huyo akumbuke kwamba kabla ya yeye kupiga uzi, ua ulikuwa ukitumika. Kabla ya fundi kuitwa, basi, karatasi nne ziwe mezani: hati au ridhaa ya wenye ardhi, orodha ya matumizi ya ua, mchoro uliokubaliwa na wote, na hesabu yenye fungu la baraza. Karatasi moja ikikosekana, matofali na yangoje.

Wabillahi tawfiq.